Miguu ya Bibi Msusi

Kila asubuhi kabla ya shule, Kiroboto aliketi kwenye kigoda kati ya magoti ya bibi yake, akasukwa nywele huku akisikiliza taarifa ya habari. Taarifa hiyo haikutoka redioni. Ilitoka kinywani mwa Bibi mwenyewe, ambaye vidole vyake vilisuka na macho yake yalikuwa chini mtaani.

"Muuza mkate kachelewa tena," Bibi angesema. "Na mkewe kanuna. Mtazame anavyofagia, utadhani anamfagia mume. Aa! Na yule kijana wa kinyozi kavaa shati jipya, sijui leo anakwenda kumdanganya nani. Tulia! Hicho ni kichwa au mlango wa choo?"

Kiroboto alijitahidi kutulia, lakini kutulia hakukuwa kazi yake. Jina lake la shuleni lilikuwa jingine. Hilo la Kiroboto alipewa na mzee fundi viatu, kwa sababu ukimwona hapa, ukipepesa jicho umemkuta kule. Alikuwa darasa la tano, ana miguu miembamba na magoti yenye makovu. Mama yake alipika katika hospitali ya mji mwingine, akaja nyumbani mwisho wa mwezi. Siku nyingine zote walikuwa wawili tu, bibi na mjukuu.

Nyumba yao ilikuwa ya juu kabisa. Pale ndipo njia ya mtaa ilipochoka kuwa njia, ikageuka mteremko wa udongo na mawe yaliyolegea kama meno ya mzee. Wakati wa jua ulipanda ukihema. Wakati wa mvua ulipanda kwa mikono na miguu, na kushuka ulishuka kwa kitu ambacho vitabu vya shule havikitaji.

Zamani Bibi Msusi alishuka na kupanda kama mbuzi. Wanawake wa mtaa mzima walisukwa naye, na siri zao zote alizijua. Kisha goti lake la kushoto likagoma. Tangu mvua za mwaka uliopita hakuwa ameshuka hata mara moja. Wateja nao, wakiuangalia ule mteremko na kuviangalia viatu vyao, wakaenda kwingine. Bibi akabaki mlangoni, akiutazama mtaa kwa mbali.

Aliyebaki kupanda kila jioni alikuwa fundi viatu. Alifunga kibanda chake, akajitwika dumu la maji begani, akapanda akilalamika njia nzima ili Bibi amsikie anakuja. Malipo yake yalikuwa kikombe cha chai na matusi ya utani.

"Chai yako nyepesi, dada," angesema. "Naona mpaka chini ya kikombe."

"Ukiona chini ya kikombe, hayo ni macho mazima. Mshukuru Mungu, kunywa, nenda zako."

Sasa, jiji lao lilikuwa na utaratibu mmoja mzuri. Kila mwaka halmashauri ilitenga fungu la kutengeneza mitaa yake, na kila mtaa ulichagua kitu kimoja. Halmashauri ilileta saruji, vyuma na fundi mwashi. Wakazi walileta mikono yao. Mwaka juzi mtaa ulichagua taa, wakaanza kuonana usoni usiku, na baadhi yao wakajuta. Mwaka jana walichagua mfereji wa maji machafu, na mbu wakahama bila kuaga.

Mwaka huu watu walibishana mpaka yakabaki mambo mawili. La kwanza lilikuwa ngazi za zege zenye chuma cha kushikia, kutoka chini mpaka nyumba za juu. La pili lilikuwa uwanja wa watoto wenye bembea.

Kuchagua kwenyewe kulikuwa kwa kusimama. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Mabango mawili yalisimikwa kwenye uwazi wa mtaa, ambao ukiwa mlangoni kwa Bibi ulifichwa na mapaa, na kila nyumba ilimtuma mtu mmoja akasimame nyuma ya bango alitakalo. Afisa wa halmashauri alipita na rula ndefu ya mbao, akigusa mabega na kuhesabu kwa sauti. Mtoto hakuhesabiwa, isipokuwa ametumwa na nyumba ambayo mkubwa wake hawezi kufika.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, fundi viatu alipuliza chai yake na kusema, "Mimi kesho nasimama nyuma ya bembea. Nataka kubembea mpaka ndevu zipepee."

"Ndevu zipi?" Bibi akauliza. "Hizo nywele tatu zilizogombana?"

Kiroboto akacheka mpaka akamwaga chai. Fundi viatu akajipapasa kidevu. "Haya, nisamehe. Nitakuwa upande wa ngazi, tena mbele kabisa. Nimechoka kupanda hapa na dumu kama punda aliyekosa mwajiri mwingine."

Alipoondoka, Bibi alimwita Kiroboto karibu. Utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Mjukuu wangu, sikiliza. Mimi siwezi kushuka kwa sababu hakuna ngazi. Na ngazi hazitakuja kama sikushuka. Umeuona mtego huo? Basi kesho wewe ndiye miguu yangu. Nenda ukasimame nyuma ya ngazi, usitikisike mpaka rula ikuguse."

"Sawa, Bibi."

"Usitikisike, nimesema. Najua nasema na kiroboto."

Asubuhi Kiroboto alikwenda kusimama nyuma ya bango la ngazi kama alivyoagizwa. Fundi viatu alikuwa mbele kabisa, amevaa koti lake la kijivu, mgongo umenyooka kama askari. Nyuma yake walijipanga wazee wenye fimbo, mama mmoja mwenye mimba kubwa, na muuza mkaa aliyekohoa kila mara. Mstari huo ulinuka dawa ya kuchua.

Bango la ngazi lilichorwa mistari tu, kama kitana kilichokatika. Lakini bango la bembea! Lilikuwa na rangi. Viti vyekundu, minyororo inayong'aa, na mtoto aliyerusha miguu juu mpaka karibu na mawingu. Ukutani walikaa watoto wa mtaa, nao hawakuhesabiwa, kwa hiyo walipiga kelele badala yake. Mbele yao alikuwa Kasuku, rafiki mkubwa wa Kiroboto, msichana asiyeweza kunyamaza hata akiwa na maji mdomoni.

"Kiroboto! Wewe umeanza kutembelea fimbo lini?"

Watoto wakacheka.

"Njoo huku! Sisi wote hatuhesabiwi, wewe peke yako ndiye unahesabiwa, halafu unasimama na wagonjwa?"

Kiroboto aliangalia mgongo wa fundi viatu. Haukugeuka. Akaangalia viti vyekundu. Mtu mmoja tu, akajiambia, mtu mmoja hawezi kuharibu kitu. Ngazi zitashinda tu, mbona wazee ni wengi. Na Bibi yuko mbali huko juu.

Akaruka. Alitoka kwenye mstari wa ngazi, akapita nyuma ya lori la halmashauri, akatokea mwisho wa mstari wa bembea. Watoto wakashangilia kwa miluzi.

Rula ilimfikia. "Wewe mdogo, nyumba gani?" afisa akauliza. Alikuwa mama mnene kidogo, mwenye kofia pana na viatu vyeupe visivyopenda matope.

"Ya juu kabisa. Ya Bibi Msusi."

"Haya." Rula ikamgusa begani. Ilikuwa nyepesi, lakini aliendelea kuisikia begani kwa siku nyingi.

Kisha afisa akapanda juu ya kreti la soda, akawasha kipaza sauti cha mkononi, akatangaza. Bembea zilikuwa zimeshinda kwa mtu mmoja.

Watoto walilipuka. Kasuku alimkumbatia Kiroboto, akamzungusha. "Mmoja! Ni wewe huyo mmoja! Ni wewe!"

Kiroboto alicheka kwa mdomo tu.

Aliupanda mteremko polepole, yeye ambaye siku zote aliupanda mbio. Bibi alikuwa mlangoni, amejifunga kanga yake nzuri kana kwamba anamngoja mgeni.

"Nimesikia kelele. Kelele za watoto," Bibi alisema. "Wazee wakishinda hawapigi miluzi. Tumeshindwa?"

"Tumeshindwa, Bibi."

"Kwa wangapi?"

"Mmoja."

Bibi alilipapasa goti lake kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekosa zawadi.

"Wewe ulisimama pale nilipokutuma?"

Jibu lilikuwa fupi, na lilitoka haraka kuliko alivyotaka. "Ndiyo, Bibi."

"Basi kuna mtu alinipa neno lake akalikalia." Bibi alitazama chini, kwenye kibanda cha viatu. "Ndevu zipepee, eti. Na mimi nikacheka! Ulimwona Fundi amesimama wapi?"

Hapa Kiroboto angeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi. Lakini akauma ulimi, akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Sikuona vizuri, Bibi."

Jioni fundi viatu alipanda na dumu lake, akilalamika kama kawaida. Bibi alimngoja mlangoni, mikono kifuani.

"Chai imekwisha," akasema.

Nyuma yake sufuria ilikuwa inachemka, kifuniko kinarukaruka. Fundi viatu akakitazama kile kifuniko, akamtazama Bibi, akamtazama Kiroboto. Kiroboto akajitia kutafuta kitu chini ya meza.

"Kuna nini, dada?"

"Jiulize mwenyewe. Nenda kabembee."

"Mimi? Mimi nilisimama..."

"Usiku mwema."

Mzee alitua dumu mlangoni taratibu, asimwage hata tone, akashuka. Safari hii hakulalamika. Kimya chake kilimuuma Kiroboto kuliko kelele.

Siku zilizofuata dumu lilikuja tu, mtu hakuonekana. Mzee aliliacha mlangoni, akagonga, akaondoka. Bibi aliyatumia maji, maana alisema maji hayana kosa, lakini dumu tupu alilirudisha kwa mkono wa Kiroboto, bila salamu.

Kiroboto alikichukia kibanda cha viatu kuliko darasa la hesabu.

"Shikamoo, Babu Fundi. Dumu hili."

"Marahaba." Mzee hakuinua kichwa, sindano iko mdomoni. Kisha akaitoa. "Mwambie bibi yako nilikuwa mbele kabisa. Wewe si ulikuwa nyuma yangu? Uliuona mgongo wangu?"

"Niliuona, Babu."

"Basi mwambie. Mimi hanisikilizi. Atakusikiliza wewe, wewe ndiye jicho lake."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Kila alipofungua mdomo, aliona lile neno moja likimvuta neno jingine. Akisema mzee alikuwa mbele ya ngazi, Bibi atauliza, nani basi aliyekuwa kwenye bembea? Akala chakula bila ladha. Shuleni Kasuku alimwita "Mheshimiwa Bembea", na watoto wakamwahidi kwamba siku ya kwanza atapanda yeye kwanza. Kila walipomwahidi, akatamani ardhi ipasuke kidogo, immeze, ifunge.

Lakini kilichomwumiza zaidi kilikuwa asubuhi. Bibi aliendelea kumsuka, ila taarifa ya habari ilikwisha. Hakumtaja tena muuza mkate wala mkewe. Kibanda cha viatu kilikuwa katikati kabisa ya mtaa, huwezi kuutazama mtaa bila kukiona, kwa hiyo Bibi aliamua kutoutazama. Alikigeuza kiti chake, akawa anaangalia ukuta. Vidole vilisuka, mdomo ulifungwa, na Kiroboto, kwa mara ya kwanza maishani, alitulia tuli.

Halmashauri ilikuwa na siku moja zaidi, siku ya kuthibitisha. Kabla ya kazi kuanza, afisa alirudi, akasoma walichochagua watu, akauliza kama kuna mwenye neno. Kwa kawaida hapakuwa na mwenye neno, palikuwa na wenye njaa tu waliotaka kwenda nyumbani.

Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha. Asubuhi Bibi alimwambia Kiroboto, "Tangulia."

"Wewe je?"

"Mimi nina shughuli zangu. Tangulia, nimesema."

Chini, lori lilikuwa limekwisha kufika. Ndani yake kulikuwa na nguzo na minyororo, na viti viwili vyekundu kama vile vya kwenye bango. Watoto walilizunguka wakiligusa kama ng'ombe mpya. Afisa alipanda kwenye kreti lake, akaanza kusoma. Hakufika mbali. Mtu mmoja alicheka, kisha mwingine, kisha watu wote wakageuza shingo kutazama juu.

Bibi Msusi alikuwa anashuka.

Alikuwa amevaa kanga yake nzuri. Fimbo ilikuwa mkono wa kulia, viatu mkono wa kushoto, na kwa kuwa miguu ilikataa, alikuwa ameketi kwenye matope, anajisogeza jiwe hadi jiwe kama mtoto anayejifunza kutambaa. Alifika katikati. Hapo jiwe moja lilimtoroka, likabingirika mpaka chini, na Bibi akabaki palepale. Hakuweza kushuka wala kupanda.

Vicheko vikafa kimoja kimoja.

Kiroboto alipanda mbio, akianguka na kuinuka. Alimkuta Bibi ameketi wima, matope hadi kiunoni, anajipepea kwa kiatu.

"Bibi! Umeumia?"

"Nimekaa napumzika. Kuna sheria?" Kisha kwa sauti ya chini akasema, "Wananicheka?"

"Hawacheki, Bibi."

"Nilitaka kusema neno langu mwenyewe safari hii. Niliona nikituma mtu, neno halifiki."

Kiroboto akaanza kumpangusa matope kwenye kanga.

Fundi viatu naye alikuwa amefika, anahema. Aliinama mbele ya Bibi, akampa mgongo wake apande. Lilikuwa koti lilelile la kijivu.

"Ondoka," Bibi akasema, kwa sauti iliyofika chini. "Simpandi mtu aliyeniuza kwa bembea."

Mtaa mzima ulisikia. Fundi viatu hakusimama. Alibaki ameinama, mikono magotini, shingo yake imekuwa nyembamba ghafla.

"Dada," alisema akiongea na matope. "Miaka yote hii nimekudanganya lini? Nilisimama mbele kabisa. Muulize huyu mtoto."

Wazee wawili wakamgeukia Kiroboto, mmoja ameketi na mwingine ameinama, wakimngoja yeye.

Kiroboto akageuka, akashuka ule mteremko mbio, akiteleza na kujipakaza matope, mpaka kwenye kreti la afisa.

"Nina neno," alisema.

Afisa aliinama. "Unasemaje, mwanangu?"

Kiroboto alimnong'oneza yote sikioni. Afisa alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akageuza kipaza sauti, akamkabidhi.

"Mimi hukunidanganya. Mwambie uliyemdanganya. Yuko mbali, kwa hiyo utasema kwa nguvu."

Kipaza sauti kilikuwa kizito, na kilinuka rangi ya midomo. Kilipiga mluzi mkali alipokisogeza, hata mbwa wakainuka.

"Bibi," akasema, na sauti yake ikawa kubwa kuliko yeye. "Ni mimi. Babu Fundi alikuwa mbele ya ngazi, niliona koti lake. Mimi ndiye niliyekwenda kwenye bembea. Halafu nikakudanganya. Halafu nikasema sikuona, na niliona. Ni mimi, Bibi."

Hakuna aliyekohoa, hata muuza mkaa. Kule juu, Bibi Msusi alikishusha kile kiatu alichokuwa akijipepea. Hakumtazama Kiroboto. Alimtazama fundi viatu, kisha akajifunika uso kwa pembe ya kanga.

Kasuku alikuwa wa kwanza kuona jambo linakoelekea. "Kiroboto, wewe! Ungenyamaza tu!"

Muuza mkate akapaza sauti. "Mtoto kakosea, ni kweli, ataadhibiwa kwao. Lakini kura imekwisha, lori limekwisha kufika! Tutabadilisha kila mtoto akilia?"

"Kweli!" wengine wakaitikia.

Afisa alichukua kipaza sauti chake. "Kura haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya nyumba. Na leo mwenye nyumba amekuja mwenyewe, mmeona wote namna alivyokuja. Kama yupo wa kumwambia usoni kwamba amechelewa, apande akamwambie."

Hakuna aliyepanda. Muuza mkate akagundua kamba ya kiatu chake imelegea.

Basi afisa akachukua rula yake, akaupanda mteremko yeye mwenyewe. Hatua za kwanza alikwenda vizuri. Kisha viatu vyeupe vikaonja matope, mguu mmoja ukaenda kushoto na mwingine ukakataa kuufuata, na mama wa halmashauri akapiga magoti mbele ya mtaa mzima. Fundi viatu akashuka, akampa mkono. Kofia ilibaki nyuma, inashuka peke yake.

Alipofika kwa Bibi alikuwa anahema kama mvukuto. "Mama... unasimama wapi?"

"Mimi sisimami, mwanangu. Nimekaa," Bibi alisema. "Lakini nimekaa penye ngazi. Uhesabu hapahapa."

Rula ikamgusa begani.

Lori liligeuka, likaondoka na viti vyake vyekundu. Minyororo ililia ndani yake mpaka kona ya mbali. Watoto walilisindikiza kwa macho, kisha macho yale yote yakamrudia Kiroboto, naye hakuwa na pa kuweka yake.

Kwenye mteremko Bibi alisema, kwa sauti kubwa kama ile ya mwanzo, "Fundi, nilikutukana mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu haohao."

"Nimesikia." Mzee akainama tena. "Sasa panda, mgongo unaniuma. Na chai je, bado imekwisha?"

Kesho yake asubuhi Kiroboto alikaa kwenye kigoda, akangoja kupigwa. Hakupigwa. Vidole vilikuja nywelani mwake kama siku zote, na kimya kilikuwa kilekile, mpaka akashindwa kukivumilia.

"Bibi, nipige tu yaishe."

"Ndiyo maana sikupigi. Nikikupiga yataisha." Bibi akafunga msuko mmoja, akaanza mwingine. "Kupenda bembea si kosa. Ungeniambia jana yake, 'Bibi, mimi nataka bembea,' tungebishana, na pengine ningekushinda kwa sababu mdomo wangu ni mkubwa. Lakini ulichukua miguu yangu ukaenda nayo unakotaka wewe. Halafu ukamwachia mzee wa watu mzigo wa kosa lako, yeye anayetubebea maji. Na mimi nikaubeba ulimi wangu nikamchapa nao, bila kuuliza mara mbili. Kwa hiyo leo tuna aibu wote wawili humu ndani. Tutafanyaje nayo?"

"Sijui, Bibi."

"Tutaifanyisha kazi. Aibu ikikaa bure huoza."

Ngazi zilianza kujengwa. Kila Jumamosi wakazi waliunda mlolongo, mawe yakapanda mkono kwa mkono. Kiroboto alibeba mchanga kwa ndoo tangu asubuhi, na jioni, dumu la fundi viatu likawa lake. Watoto walimpitia bila kumsalimu. Kasuku, ambaye hakuweza kunyamaza, alimnyamazia kwa wiki nyingi, nayo ilikuwa adhabu kwao wote wawili. Walitunga hata kiwimbo kuhusu kiroboto aliyekula bembea. Kiroboto alibeba ndoo zake huku kikiimbwa. Kilikuwa na mahadhi mazuri, kwa bahati mbaya.

Bibi aliwasikia kutoka mlangoni. Hakuwakemea. Alimwita mwashi, akamnong'oneza jambo, mwashi akacheka. Ngazi zilipokamilika, pembeni mwake, chini ya chuma cha kushikia, palikuwa na utepe mpana wa zege iliyosuguliwa ikalainika.

"Hii ni ya nini?" muuza mkate aliuliza.

"Ya kuteremshia magunia ya mkaa," mwashi alijibu bila kupepesa jicho.

Muuza mkaa hakuwahi kuteremsha gunia hata moja hapo. Kufika jioni ya kwanza, watoto wa mtaa mzima walikuwa wanaserereka juu yake, kaptura zao zikilika. Kasuku alipanda juu, akamkuta Kiroboto amesimama kando na ndoo yake. Akamtazama.

"Unaziba njia," alisema. "Ama uteremke, ama upishe."

Kiroboto aliteremka.

Mwaka ukazunguka, halmashauri ikaleta mabango yake tena. Safari hii moja lilikuwa la bembea, jingine la kibanda cha kupumzikia wazee, chenye mabenchi na paa. Bibi Msusi alishuka kwa miguu yake. Mkono mmoja ulishika chuma, mwingine fimbo, na miguuni alivaa viatu ambavyo fundi viatu alimshonea soli za mpira wa gari. Wateja wawili aliokuwa amewasuka asubuhi hiyo walimfuata nyuma.

Alifika kwenye uwazi, akawapita wazee wenzake wote, akaenda kusimama nyuma ya bembea.

"Dada!" fundi viatu aliita kutoka mstari wa mabenchi. "Umepotea mstari! Wazee wako huku!"

"Sijapotea. Kaa na mabenchi yako, utanisukuma nikibembea."

Kiroboto alikuwa ukutani na watoto wasiohesabiwa. Akaruka chini, akamkimbilia.

"Bibi, wewe unataka mabenchi. Umesema mwaka mzima."

"Nataka sana." Bibi alijiegemeza kwenye fimbo, anaingoja rula. "Lakini watoto hamhesabiwi, na wewe ulisema kweli siku ambayo kweli iliwanyima bembea wenzako wote. Sikia, mjukuu wangu, na wenzako pale ukutani wasikie. Mtu akikutuma, amekuazima imani yake, na kitu cha kuazima hurudishwa kizima. Ulikivunja, ukakishona mbele ya watu. Mshono unaonekana, lakini umeshika."

Rula ilikuwa inakaribia. Bibi akanyoosha mgongo.

"Mwaka jana ulikuwa miguu yangu. Leo mimi ni miguu yako. Tazama sasa namna mtu anavyosimama bila kutikisika."